Sumu ya mahindi: Funzo la Kitui na Makueni

Mwaka 2004, wilaya za Makueni na Kitui nchini Kenya zilikumbwa na maradhi ya ini yaliyotokana na ulaji wa mahindi. Kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua katika wilaya hizo na sehemu jirani, na 125 miongoni mwao walikuwa wamefariki dunia.

Kilichosababisha vifo hivyo ni aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kuvu hii huishi udongoni na katika mabaki ya mimea. Hushambulia mahindi yangali shambani, hasa yaliyodhoofishwa na ukame au kutobolewa na wadudu, kisha huendelea kukua ghalani iwapo nafaka haikukauka vyema.

Sumu hiyo ikishafyonzwa tumboni, hupelekwa kwenye ini. Katika kujaribu kuiondoa, vimeng'enya vya ini huigeuza kuwa kemikali kali zaidi inayoshikamana na chembechembe za urithi. Mtu akila kwa wingi, hutapika, huumwa tumbo, macho hugeuka manjano na huweza kufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, huwa katika hatari ya kupata saratani ya ini, hususan ikiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kupika hakuiondoi sumu hii. Kukoboa mahindi ili kupata muthokoi, chakula kipendwacho na Wakamba, huipunguza tu. Aidha, punje zinazoonekana safi huweza kuwa na sumu.

Njia mojawapo ya kujikinga ni Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015. Hii ni mtama uliopakwa kuvu za humu nchini za jamii hiyo hiyo, ila zisizotengeneza sumu. Mkulima huunyunyiza shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, nazo kuvu hizo huwahi nafasi na kuzizuia zile zenye sumu.

Hata hivyo, mahindi sharti yaanikwe juu ya turubai hadi unyevu upungue chini ya asilimia 13.5, na magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu. Yaliyoota kuvu hayafai kuliwa, ingawa ni vigumu kuyatupa pale mavuno yanapokuwa haba.