Kurudi Nyumbani Pasipo Nyumba: Warejeaji wa 1972 katika Eneo la Rumonge

Neno *nyumbani* limeundwa kwa *nyumba* na kiambishi cha mahali *-ni*. Historia ya mwambao wa Burundi yaonyesha kwamba mtu aweza kurudi nyumbani asiikute nyumba.

Uasi ulioanza Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili 1972, pamoja na mauaji ya halaiki yaliyotekelezwa na dola baadaye, uliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania, walikopewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huku nyuma, viwanja na michikichi yao ilichukuliwa na wengine.

Mkataba wa Arusha wa 2000 uliahidi kuwarudishia wakimbizi mali zao au kuwalipa fidia. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya 1986 ilimlinda aliyekalia ardhi kwa miaka 30, au 15 kwa nia njema. Aliyerejea 2008 alikuwa ugenini miaka 36. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 awali ilielekea kumgawanyia shamba mkaaji na mrejeaji. Baada ya 2011 iliegemea kumrudishia mrejeaji shamba zima.

Njia zote mbili zilipima shamba. Hakuna iliyopima muda wa kungoja hukumu, ambapo mrejeaji hujihifadhi kwa ndugu au hupanga chumba katika nchi anayoambiwa ni yake. Makala haya yanapendekeza kwamba kodi ya muda huo ihesabiwe kuwa sehemu ya fidia. Vinginevyo, mrejeaji hubaki mpangaji nyumbani kwake.