Rwanda: Mwamuzi wa mchezo wa ridhaa ndani ya BK Arena

Ukumbi wa BK Arena uliopo Remera, jirani na Uwanja wa Amahoro mjini Kigali, ulifunguliwa Agosti 2019 ukiwa na nafasi ya watazamaji wapatao 10,000. Humo ndimo Zamalek ya Misri ilimotwaa ubingwa wa kwanza wa Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, BAL, mwezi Mei 2021, na humo ndimo Tunisia ilimonyakua ubingwa wa Afrika miezi michache baadaye. Timu ya ridhaa ikipata siku moja ya kucheza hapo, wachezaji wake huisubiri kwa wiki nyingi. Anayesahaulika katika shangwe hiyo ni mwamuzi, ambaye mara nyingi naye ametoka kwenye viwanja vya saruji vya shule, ambako taa ni jua na mtunza muda anakaa hatua chache kutoka kwenye mstari.

Kisheria hakuna kinachobadilika. Uwanja ni mita 28 kwa 15, mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kikapuni, na robo ni nne za dakika 10 kila moja. Kinachobadilika ni namna mwamuzi anavyosikia na anavyoona.

Tuanze na sauti. Kwenye kiwanja cha wazi filimbi humfikia kila mtu, na saa husimama papo hapo. Ndani ya ukumbi mkubwa muziki na kelele huimeza. Na viti vikiwa vitupu, mwangwi huirudisha kana kwamba imepulizwa mara mbili. Ndiyo maana waamuzi wengi wameachana na filimbi yenye punje ndani. Mwamuzi wa Kanada, Ron Foxcroft, aliaibishwa na filimbi ya aina hiyo nchini Brazil mwaka 1984: punje ilikwama, sauti haikutoka, na faulo ikapita mbele ya umati. Filimbi isiyo na punje aliyoibuni baada ya hapo iliingia sokoni mwaka 1987. Hata hivyo, filimbi bora haitoshi. Mkono lazima upande mara moja, ngumi ikiwa ni faulo, kiganja wazi ikiwa ni kosa jingine, kwa sababu mtunza muda atauona mkono hata asiposikia kitu.

Sekunde ya mwisho ndiyo huwakamata wengi. Mwamuzi aliyezoea kusikiliza king'ora atakisikiliza tena kwa mazoea, wakati umati umekwisha kukifunika. Katika kumbi za kiwango hiki ubao wa kikapu umezungushiwa taa nyekundu inayowaka muda wa robo unapokwisha, na kwa kanuni za FIBA taa hiyo ina uzito kuliko sauti. Swali huwa moja tu: je, mpira ulikuwa umeuacha mkono wa mfungaji kabla taa haijawaka? Waamuzi wakiwa wawili, kama ilivyo katika michezo mingi ya ridhaa, jukumu la kuliangalia hilo ni la yule aliye nyuma ya mashambulizi. Mwenzake aliye chini ya kikapu ana kazi nyingine, na wote wawili wakitazama taa, hakuna anayetazama miili inayogongana.

Halafu kuna skrini kubwa iliyoning'inia juu ya uwanja. Hiyo, kwa maoni yetu, ni mtego kuliko kelele. Tukio likirudiwa pale juu, watu hupiga mayowe, kocha hunyoosha kidole, na shingo ya mwamuzi hutaka kuinuka. Marudio ya picha yanaruhusiwa tu kwa kifaa ambacho mwamuzi mkuu amekikagua na kukiidhinisha kabla ya mchezo, na kwa matukio yaliyotajwa katika kanuni. Skrini ya burudani si kifaa hicho. Akibadili uamuzi kwa sababu ya alichokiona huko, atakuwa ameukabidhi mchezo kwa fundi wa kamera.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya mpira kurushwa. Mamlaka ya waamuzi huanza wanapofika uwanjani, dakika 20 kabla ya mchezo. Katika ukumbi wa kukodi muda huo ni mfupi: ni lazima kujua ni saa ipi iliyo rasmi, kama saa ya sekunde 24 inarudi kwenye 14 bila kukwama, kama taa za mbao zote mbili zinawaka, na kama waliokaa mezani wamewahi kuvishika vidude hivyo. Mara nyingi hawajawahi. Ni vijana wa kujitolea waliozoea saa ya mkononi. Taa isipowaka, waamuzi wote na pande zote mbili waelezwe mapema kwamba king'ora ndicho kitakachofuatwa. Likisemwa dakika ya mwisho, upande utakaopoteza hautaamini kwamba ndiyo yaliyokuwa makubaliano.

Jambo hili linawagusa majirani pia, kwa kuwa Rwanda, Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi zote zimo katika Kanda ya Tano ya FIBA Afrika. Mwamuzi wa Dar es Salaam au Bujumbura anayepanda ngazi huenda akakutana na mwanga wa Remera kabla hajapata ukumbi wa aina hiyo nyumbani kwao.