Something of Value
Filamu ya Marekani ya mwaka 1957 kuhusu vita vya Mau Mau nchini Kenya, iliyoongozwa na Richard Brooks kutokana na riwaya ya Robert Ruark. Misako yake ya msituni inasisimua, lakini uzito wake umo katika kofi moja: Kimani, anayeigizwa na Sidney Poitier, anapigwa na shemeji wa rafiki yake wa utotoni, mlowezi Peter, na mtazamaji analazimika kuona uasi unavyoanza. Wapo wanaosema inamtazama Mwafrika kwa jicho la mlowezi. Ni kweli: ardhi inapewa nafasi finyu kuliko mila na viapo. Hata hivyo, kumpa mpiganaji sababu na utu wakati hali ya hatari ingali ikiendelea kulihitaji ujasiri.