Si Akili Yako, Ni Baridi

Wasee, kuna hizi video zinazunguka sana: ati fizikia ya kwantamu imethibitisha kwamba akili yako ndiyo inaunda ukweli. Fikiria gari kwa nguvu, gari litakuja. Halafu mwisho wa video, kozi ya kulipia na namba ya kutuma pesa. Kabla hujatuma, skiza historia kidogo, maana hadithi ya kweli inaanzia kwenye baridi.

Tarehe 10 Julai 1908, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aligeuza gesi ya heliamu kuwa maji maji kwa mara ya kwanza duniani. Hiyo ni baridi ya karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani hufika kama 18 chini ya sifuri tu, kwa hivyo pima mwenyewe. Mwaka 1911 maabara yake ikapoza zebaki hadi hapo, na ukinzani wa umeme ukapotea. Haukupungua tu, ulitoweka. Maelezo kamili yalikuja 1957, miaka 46 baadaye: kwenye baridi hiyo elektroni hushikana wawili wawili na kutembea kama kitu kimoja. Kwantamu ilikuwa imetoka kwa atomu ikaingia kwenye waya unaoweza kuushika.

Wakati huohuo, watu walikuwa wanabishana kuhusu akili. Mwaka 1935 Erwin Schrödinger alitunga kisa cha paka ndani ya sanduku lenye sumu. Ukifuata hesabu za kwantamu, paka yuko hai na amekufa kwa pamoja, hadi mtu afungue sanduku. Mitandaoni huyo paka anatumiwa kama ushahidi. Kumbe Schrödinger alikuwa anakejeli! Alitaka kuonyesha upuzi unaotokea ukichukua sheria za atomu na kuzibandika kwa kitu kikubwa.

Kisha 1961 Eugene Wigner akaandika kwamba huenda ni fahamu ya anayetazama ndiyo inamaliza huo utata. Wauza kozi wanasimama hapo hapo. Wasichokuambia ni kwamba Wigner mwenyewe aliiacha hiyo hoja baadaye. Kilichomgeuza kwa sehemu ni kazi ya Mjerumani, H. Dieter Zeh, aliyeonyesha kuanzia 1970 kwamba hali ya kuwa huku na kule kwa pamoja inavurugika hata bila mtu yeyote kutazama. Kuguswa na hewa, mwanga au joto kunatosha. Yaani ukuta wa sanduku unafanya kazi ambayo watu walidhani inahitaji roho.

Sasa rudi kwenye baridi. Mwaka 1980 Mwingereza Anthony Leggett alipendekeza swali la paka lipelekwe maabara, kwa saketi za umeme zilizopozwa sana. Katikati ya miaka ya themanini, pale Berkeley, Marekani, John Clarke, Michel Devoret na John Martinis walionyesha saketi nzima ikipenya kizuizi kama vile chembe moja ya kwantamu hupenya. Kazi hiyo iliwapa Nobel ya 2025. Mwaka 2000 kikundi cha Stony Brook, New York, kikaripoti saketi ambayo umeme wake, mabilioni ya elektroni, ulikuwa unazunguka kulia na kushoto kwa wakati mmoja.

Na siri ilikuwa nini? Si nia njema, si kutafakari alfajiri. Ilikuwa ni kupoza na kukinga. Joto kidogo likiingia, mambo yameisha.

Kichwa chako kina nyuzi 37, kina maji na kelele. Mwaka huohuo wa 2000 Max Tegmark alipiga hesabu akakuta hali kama hiyo ndani ya ubongo ingevunjika ndani ya sehemu moja ya trilioni kumi ya sekunde, au haraka zaidi. Roger Penrose na wenzake wanaamini ubongo unatumia kwantamu, na wamebisha hesabu hizo. Poa, wabishane. Lakini hata Penrose akishinda, anaeleza ubongo unavyofanya kazi. Hajasema ukiwaza gari litakuja.

Mimi sisemi kila kitu kimejibiwa. Zeh anaeleza kwa nini hatuoni paka wa hali mbili, lakini kwa nini tunapata jibu hili na si lile, wanafizikia bado hawajakubaliana. Hilo ni swali tamu kuliko kozi yoyote, na halilipiwi. Watu wamelikimbiza kwa miaka mingi wakiwa na pampu, heliamu na subira. Mtu akikuambia amelimaliza kwa video ya dakika moja, muulize tu: maabara yako ina baridi kiasi gani?