Jengo na Mipaka Yake: Utengenezaji wa Penisilini katika Shule ya Sir William Dunn, Oxford, 1939–1941

Historia ya penisilini husimuliwa mara nyingi kama historia ya watu wachache: Alexander Fleming aliyeona mwaka 1928 jinsi ukungu ulivyozuia bakteria kukua, kisha Howard Florey na Ernst Chain walioigeuza habari hiyo kuwa dawa. Makala hii inalitazama jambo hilo kupitia kitu ambacho wasimulizi hukipita haraka, yaani jengo. Hoja yake ni kwamba kiasi cha dawa kilichopatikana Oxford kati ya mwaka 1939 na 1941 kiliamuliwa na vyumba, joto na hewa ya jengo lililokuwapo, si na elimu ya watafiti peke yake. Ubunifu wa vifaa, ambao husifiwa sana, uliusogeza mpaka huo lakini haukuuondoa.

Jengo la Shule ya Patholojia ya Sir William Dunn lilifunguliwa mwaka 1927 kwa fedha za wasia wa mfanyabiashara huyo. Lilikusudiwa kufundishia na kuchunguzia magonjwa. Florey alilikabidhiwa mwaka 1935, akamwajiri Chain mwaka huohuo, na Norman Heatley, mwanabiokemia mwenye mikono myepesi kuliko wote, akajiunga nao mwaka uliofuata. Vita vilipoanza, viwanda vya dawa vya Uingereza vilikuwa vimelemewa na mahitaji mengine. Kazi ya kiwanda ikabaki mikononi mwa idara ya chuo kikuu.

Ugumu wa kwanza ulitokana na ukungu wenyewe. Penicillium notatum, kwa namna ilivyokuzwa wakati huo, ilitandaa juu ya kimiminika, mahali inapopata hewa. Kuongeza kina cha kimiminika hakukuongeza dawa. Kilichohitajika ni eneo. Kwa hiyo swali la kibiolojia likawa swali la usanifu: ni mita ngapi za uso wa kimiminika zinaweza kuwekwa ndani ya kuta zilizopo? Tarehe 25 Mei 1940 panya wanane walidungwa bakteria hatari, wanne kati yao wakapewa penisilini. Kulipokucha, wale wanne wasiotibiwa walikuwa wamekufa. Lakini binadamu ana uzito wa takriban panya 3,000, na hesabu hiyo haikuwa na nafasi katika rafu za maabara ya kawaida.

Watafiti walijaribu chupa, makopo na sinia. Chombo kilichofaa zaidi kilikuwa kile cha haja cha mgonjwa wa hospitali: kina kidogo, mfuniko, na mdomo wa kumiminia. Heatley alikichukua kama mfano akachora chombo cha kauri chenye umbo la mstatili, chenye mdomo ubavuni, kikafinyangwa na kiwanda kimoja cha Burslem. Tarehe 23 Desemba 1940 alikwenda mwenyewe na gari la kuazima kuchukua 174 vya kwanza, na siku ya Krismasi vilikwisha kupandwa ukungu. Umbo hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Vyombo vya mviringo huacha mapengo kati yao. Vya mstatili hukaa bega kwa bega, na hivi viliweza pia kupangwa kimoja juu ya kingine. Kwa kuwa jengo halingeweza kupanuliwa upande, lilitumiwa kwenda juu. Vyumba vya upandikizaji havikupungukiwa nafasi tu, kwa maana mwaka huohuo Chain na Edward Abraham walieleza kimeng'enya cha bakteria kinachoivunja penisilini. Bakteria mgeni aliyeingia na hewa ya ukumbini aliweza kuharibu chombo kizima. Wasichana sita walioajiriwa kwa kazi hiyo walivaa barakoa na makoti, wakapulizia mbegu za ukungu kwa bunduki za kupulizia rangi, katika vyumba ambavyo havikujengwa kuzuia vumbi.

Uchujaji wa dawa ulikuwa mgumu zaidi. Kimiminika kilipaswa kupozwa, kutiwa asidi, kuchanganywa upesi na kiyeyushi kama etha au asetati ya amili, kisha dawa irudishwe katika maji yasiyo na asidi. Penisilini haivumilii asidi kwa muda mrefu, hivyo kila dakika ya kuchelewa ilikuwa hasara. Mtambo wa kwanza wa Heatley ulisimamishwa kwenye kabati la vitabu lililotupwa na maktaba ya Bodleian, ukiwa na chupa, mirija ya kioo na kengele ya mlango ya kuonya chombo kinapotaka kubadilishwa. Baadaye yaliongezwa madebe ya maziwa na hodhi la kuogea. Masimulizi hayo huchekesha, na ni haki kuvistaajabia vifaa hivyo. Hata hivyo orodha hiyo yaweza kusomwa pia kama orodha ya upungufu: kila debe linaonyesha tangi ambalo halikuwapo. Viyeyushi vyenyewe huwaka moto kwa urahisi na mvuke wake huumiza kichwa. Gharama ya kuvitumia ndani ya jengo la kufundishia ililipwa na miili ya wafanyakazi, na haikuandikwa katika bajeti yoyote.

Mpaka wa jengo ulionekana wazi wodini. Tarehe 12 Februari 1941, katika hospitali ya Radcliffe Infirmary, askari polisi mwenye maambukizo makali alianza kudungwa penisilini. Homa ilishuka, akaanza kula. Mkojo wake ulikusanywa ukarudishwa maabara ili dawa iliyopita mwilini itolewe tena. Baada ya siku tano dawa ikaisha. Alikufa tarehe 15 Machi. Elimu ya kumponya ilikuwapo. Kilichokosekana ni uso wa kimiminika. Kwa sababu hiyo baadhi ya wagonjwa waliofuata walichaguliwa miongoni mwa watoto, ambao miili yao ilihitaji dozi ndogo.

Uamuzi wa maana kuliko vifaa vyote ulikuwa ule wa kuliacha jengo. Mwishoni mwa Juni 1941 Florey na Heatley walisafiri kwenda Marekani. Huko Peoria, Illinois, ukungu ulilishwa maji ya kulowekea mahindi, mabaki ya viwanda vya wanga, na utafiti ukaelekezwa kwenye ukuzaji ndani ya matangi yenye kina yanayopulizwa hewa. Eneo halikuwa tena kipimo cha uzalishaji. Kwa mshauri wa sera anayeombwa kuidhinisha ukarabati wa jengo la zamani, hatua iliyofuata ina uzito wa pekee, kwa kuwa nayo ilitumia jengo la zamani. Kampuni ya Pfizer ilinunua kiwanda cha barafu kilichokwisha kuacha kazi huko Brooklyn, ikakigeuza kwa miezi michache, kikaanza kutoa penisilini Machi 1944. Oxford mchakato ulikunjwa ukaingia katika vyumba vilivyopo. Brooklyn mchakato ulijulikana kwanza, na jengo likachaguliwa kwa sababu mitambo ya kupoza ilikuwa tayari ndani yake. Matangi yaliyowekwa humo yalikuwa 14, kila moja la takriban lita 28,000. Chombo cha Heatley kilibeba karibu lita moja.