Waliohamishwa kwa sababu ya sala: historia ya wafuasi wa Kimbangu

Makanisa mengi yanapoombea Wakristo wanaoteswa duniani, mawazo ya watu huenda nchi za mbali. Lakini hapa Congo pia, wakati wa Wabelgiji, familia nzima zilifukuzwa vijijini mwao kwa sababu ya kusali.

Mambo yalianza Nkamba, Bas-Congo. Tarehe 6 Aprili 1921, Simon Kimbangu, mwalimu wa dini aliyefundishwa na wamisionari Wabaptisti, alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa. Watu wakaacha kazi, wakamfuata kwa wingi. Serikali ya kikoloni ikaogopa kwamba makusanyiko hayo yatageuka kuwa uasi.

Mwezi wa Septemba Kimbangu alijitoa mwenyewe kwa askari. Mahakama ya kijeshi ya Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, ilimhukumu kupigwa fimbo 120, kisha kuuawa. Wamisionari Wabaptisti waliandika kumwombea huruma. Mfalme Albert wa Kwanza akabadilisha hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu akapelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mbali kabisa na kwao. Alikaa jela miaka 30, akafia huko tarehe 12 Oktoba 1951.

Wafuasi wake nao hawakuachwa. Maelfu walihamishwa kwa nguvu, wengine pamoja na wake na watoto, wakatupwa mikoa ambayo hawakujua lugha yake. Baadhi walifungwa katika kambi ya Lowa, kando ya mto Lualaba. Waliobaki nyumbani walikuwa wakikutana kwa siri, usiku. Mke wa Kimbangu, Marie Muilu, ndiye aliyewashika pamoja miaka hiyo yote, huku akichungwa na serikali.

Wakubwa wa koloni walifikiri kwamba kuwatawanya watu kungemaliza imani yao. Ikawa kinyume. Kila walipopelekwa, wahamishwa walisali, na wenyeji wakasikia habari ya Kimbangu kwa mara ya kwanza kutoka kwao. Kanisa la sehemu moja likawa la nchi nzima.

Katika miaka ya 1950, wafuasi karibu 600 walitia sahihi barua kwa gavana mkuu. Waliomba mateso yaishe. Kama haiwezekani, basi wakusanywe wote uwanjani wauawe mara moja. Tarehe 24 Desemba 1959, serikali ilitambua kanisa lao. Mama Marie Muilu hakuiona siku hiyo: alikufa mwezi wa Aprili mwaka uleule. Mwaka 1960 mwili wa Kimbangu ulirudishwa Nkamba.

Mateso hayajaisha nchini. Tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka ndani ya kanisa huko Kasindi, Nord-Kivu, watu wakiwa katika ibada. Wengi katika mashariki wanasali leo chini ya mahema, mbali na makanisa waliyoyajenga.

Historia ya Nkamba inaonyesha kwamba sala na kazi vilikwenda pamoja. Kuna walioomba usiku, kuna walioandika barua kwa wenye mamlaka, na kuna waliowapokea wageni waliotupwa kijijini kwao. Anayetaka kuwaombea wanaoteswa anaweza kuanzia hapo: kwa jirani aliyefika jana bila mzigo, na ambaye hajui bado kanisa liko upande gani.