Maji ya Kifuu, Bahari ya Chungu: Wanawake wa Connecticut na Ligi Isiyo na Mshindani



Katika somo la tafsiri muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu habari fupi ya michezo kutoka Marekani. Ilihusu timu ya mpira wa kikapu ya wanawake ya chuo kikuu kimoja, ambayo haikupoteza hata mechi moja ya "kongamano" lake kwa miaka saba. Ndivyo wengi walivyotafsiri: kongamano. Wengine waliandika mkutano. Darasa zima likacheka, kwani nani amewahi kufungwa katika mkutano? Hata hivyo kosa halikuwa lao peke yao. Neno wanalotumia Wamarekani kwa kundi la vyuo vinavyokubaliana kucheza pamoja kila msimu ni lile lile wanalolitumia kwa mkutano wa wataalamu. Baada ya mjadala tuliafikiana kutumia neno ligi.

Swali lililotushinda siku ile lilikuwa jingine. Mwanafunzi mmoja aliuliza: timu inayoshinda kila mechi katika ligi dhaifu ni timu bora kweli, au ndiyo yale ya maji ya kifuu, bahari ya chungu? (Tuwakumbushe wanaoanza kwamba chungu wa methali hii ni mdudu, si chombo cha kupikia.) Tuliahidi kulijibu katika jarida hili. Makala haya ni utekelezaji wa ahadi hiyo.

Timu na kocha wake

Chuo Kikuu cha Connecticut kipo katika mji mdogo wa Storrs, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Timu yake ya wanawake ilianza msimu wa 1974-75, muda mfupi baada ya sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Sheria hiyo ndiyo iliyovilazimisha vyuo vingi kuwafungulia wanawake milango ya viwanja vya michezo.

Kwa miaka kumi ya mwanzo timu hiyo haikuwa na sifa yoyote. Ilipata msimu mmoja tu ambao ushindi ulizidi vipigo. Mwaka 1985 chuo kilimwajiri Geno Auriemma, mzaliwa wa Montella nchini Italia, aliyehamia Marekani na wazazi wake akiwa na umri wa miaka saba. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 12 akapoteza 15. Tangu hapo hakupata tena msimu ambao vipigo vilizidi ushindi. Mwaka 1995 timu yake ilishinda mechi zote 35 na kutwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza. Ubingwa mwingine ulifuata mwaka 2000, 2002, 2003, 2004, 2009 na 2010.

Inafaa kukumbuka kwamba mafanikio hayo yote yalipatikana katika ligi ngumu. Ligi hiyo iliitwa Big East, nayo iliundwa mwaka 1979. Humo Connecticut ilipambana na Rutgers, baadaye na Louisville, na zaidi ya wote Notre Dame. Katika msimu wa 2012-13 Notre Dame iliifunga Connecticut mara tatu, mara ya mwisho ikiwa fainali ya ligi mwezi Machi 2013, kwa pointi 61 kwa 59. Wiki chache baadaye timu hizo zilikutana kwa mara ya nne, safari hii katika nusu fainali ya taifa. Connecticut ilishinda 83 kwa 65, kisha ikaifunga Louisville 93 kwa 60 katika fainali. Kwa hiyo timu mbili za ligi moja ndizo zilizogombea ubingwa wa nchi nzima, na ya tatu ilitolewa katika hatua ya nusu fainali. Mtu angeweza kusema kwamba kuishinda ligi ile kulikuwa sawa na kuishinda Marekani.

Jinsi ligi ilivyovunjika

Kilichoivunja Big East ya zamani hakikuwa mpira wa kikapu, achilia mbali mpira wa kikapu wa wanawake. Kilikuwa ni mpira wa miguu wa Kimarekani, ule unaochezwa na wanaume waliovaa kofia ngumu, pamoja na fedha nyingi za televisheni zinazoufuata. Vyuo vyenye timu kubwa za mchezo huo vilianza kuhama kutafuta ligi zenye mikataba minono. Mwaka 2013 Notre Dame, Syracuse na Pittsburgh walikwenda kwingine. Vyuo saba vya Kikatoliki visivyotegemea mchezo huo, vikiwemo Georgetown na Villanova, vilijitenga na kuondoka na jina la Big East.

Connecticut ilibaki miongoni mwa waliobaki. Vyuo hivyo, pamoja na vingine vilivyoalikwa kujaza nafasi, viliunda ligi mpya iliyopewa jina la American Athletic Conference. Mwaka mmoja tu baadaye Louisville na Rutgers nao wakaondoka. Wanawake wa Connecticut hawakuwa wamehama. Wapinzani wao ndio waliohama. Walijikuta wakisafiri hadi Texas, Louisiana na Oklahoma kucheza na timu ambazo nyingi hazikuwa na historia kubwa katika mchezo huu.

Miaka saba, mechi 139

Matokeo yake yanajulikana. Kuanzia msimu wa 2013-14 hadi 2019-20 Connecticut ilicheza mechi 118 za kawaida za ligi ikashinda zote 118. Ilicheza mechi 21 za mashindano ya mtoano ya ligi ikashinda zote 21. Jumla ni mechi 139 bila kushindwa. Fainali ya ligi ya mwaka 2017 iliisha kwa pointi 100 kwa 44.

Nje ya ligi nako mambo yalikuwa mazuri. Ikiongozwa na Breanna Stewart, timu ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2014, 2015 na 2016, na ukijumlisha ule wa 2013 unapata minne mfululizo. Baada ya kufungwa na Stanford mwezi Novemba 2014, 88 kwa 86 katika muda wa nyongeza, ilianza safari ya ushindi wa mechi 111 mfululizo. Mwaka 2016 Stewart na wenzake wawili, Moriah Jefferson na Morgan Tuck, walichaguliwa wa kwanza, wa pili na wa tatu katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya wanawake.

Lawama

Ushindi ukizidi huzaa lawama. Mwezi Machi 2016, katika mashindano ya taifa, Connecticut iliifunga Mississippi State 98 kwa 38. Tofauti ya pointi 60! Mwandishi mmoja wa gazeti la Boston alidai hadharani kwamba timu hiyo inaua mchezo wa wanawake. Auriemma alijibu kwa kumtaja mcheza gofu Tiger Woods: alipokuwa akiwashinda wote, hakuna aliyesema kwamba anaua gofu, bali wenzake walilazimika kujifunza kucheza vizuri zaidi.

Wengine walikuwa na lawama ya namna nyingine, nayo ndiyo inayohusu swali la mwanafunzi wetu. Walisema kwamba timu isiyobanwa kuanzia Januari hadi Machi haiwezi kujua la kufanya siku itakapobanwa.

Usiku wa Dallas

Siku hiyo ilifika tarehe 31 Machi 2017 mjini Dallas, katika nusu fainali ya taifa. Mpinzani alikuwa nani? Mississippi State, ile ile iliyofungwa kwa pointi 60 mwaka mmoja nyuma, ikiwa na wachezaji kadhaa waliokuwepo siku ile ya aibu. Mechi ilikwenda muda wa nyongeza. Sekunde za mwisho Morgan William, mmoja wa wachezaji wafupi kabisa uwanjani, aliruka na kutupa mpira uliotumbukia kikapuni muda ulipokuwa ukiisha. Ikawa 66 kwa 64. Mechi 111 zikaishia hapo.

Mwaka uliofuata Connecticut ilifika tena nusu fainali ikiwa imeshinda mechi zote 36. Ikafungwa tena katika muda wa nyongeza, 91 kwa 89, safari hii na Notre Dame, kwa mpira wa Arike Ogunbowale ikiwa imebaki sekunde moja. Mwaka 2019 Notre Dame ikawatoa tena katika hatua hiyo hiyo, 81 kwa 76. Mwaka 2020 mashindano ya taifa hayakufanyika kwa sababu ya janga la korona.

Je, ligi ndiyo iliyokosesha?

Hapa inatubidi tuwe waangalifu, kwani historia si ramli. Anayesema kwamba ligi dhaifu ndiyo iliyoiangusha Connecticut mwaka 2017 lazima aeleze ilikuwaje timu hiyo hiyo, katika ligi hiyo hiyo, ikatwaa ubingwa mara tatu mfululizo kabla ya hapo. Aidha, si kweli kwamba haikubanwa kabisa. Mwezi Februari 2017 Tulane, timu ya ligi yake, iliibana hadi 63 kwa 60.

La muhimu zaidi, Connecticut haikuridhika na maji ya kifuu. Kila msimu ilijaza ratiba yake ya nje ya ligi kwa timu ngumu kama Notre Dame, Maryland na South Carolina, na ilikubali kwenda kucheza ugenini. Januari 2019 ilikwenda Texas ikafungwa na Baylor 68 kwa 57, na mwisho wa mwezi huo ikafungwa na Louisville. Timu inayoogopa kushindwa isingefanya safari hizo.

Mwaka 2020 Connecticut ilirudi Big East, ambako Villanova na wenzake walikuwa wakiisubiri. Tarehe 9 Februari 2022 Villanova iliifunga 72 kwa 69, na kukatisha ushindi wa mechi 169 mfululizo dhidi ya timu za ligi. Lakini hata huko iliendelea kutawala. Msimu wa 2024-25 haikupoteza mechi yoyote ya ligi. Ilifungwa mara tatu tu, na Notre Dame, Southern California na Tennessee, zote za nje ya ligi na zote zilizopangwa kwa hiari. Mwezi Aprili 2025 iliifunga South Carolina 82 kwa 59 katika fainali na kutwaa ubingwa wake wa kumi na mbili, wa kwanza tangu 2016.

Jibu letu basi ni hili. Rekodi ya 139 kwa sifuri peke yake haithibitishi ubora wala haiukanushi. Inachoonyesha ni umbali uliokuwepo kati ya timu moja na jirani zake. Ubora wa Connecticut tunauona katika mechi ilizozitafuta mbali, zikiwemo zile ilizopoteza.

Tusiwasahau waliofungwa

Historia huandikwa mara nyingi kwa upande wa mshindi. Tugeuke kidogo tuitazame South Florida, timu ya mjini Tampa iliyokuwa chini ya kocha Jose Fernandez. Mara nne mfululizo, kuanzia 2015 hadi 2018, ilifika fainali ya ligi, na mara zote nne ilikutana na Connecticut ikafungwa. Ile 100 kwa 44 ilikuwa yao. Wangeweza kukata tamaa, maana nafasi ya kwanza ilikuwa na mwenyewe. Hawakukata tamaa. Msimu wa 2020-21, wa kwanza baada ya Connecticut kuondoka, South Florida ilitwaa ubingwa wa ligi, kisha ikatwaa na ule wa mashindano ya mtoano. Watu walisema ni kwa sababu mkubwa ameondoka. Ni kweli. Lakini walikuwepo wengine wengi waliobaki katika ligi ile, na kombe lilikwenda kwa yule aliyezoea kufika fainali na kufungwa.

Hitimisho

Sisi walimu wa lugha tuna ligi zetu. Katika nchi zetu za jirani, ambako Kiswahili kwa wengi ni lugha ya darasani, hutokea mwanafunzi akaongoza darasa muhula baada ya muhula, akadhani amekwisha fika. Akienda Zanzibar au Mombasa, akaagiza chai mgahawani na kujibiwa kwa kasi ya wenyewe, ndipo anapojua kipimo chake. Si kosa lake kwamba darasa lake lilikuwa dogo. Kosa lingekuwa kukataa kwenda. Hali kadhalika yule anayekuwa wa pili kila mara asione kwamba anapoteza muda, kwa kuwa kukaa karibu na aliyemzidi nako ni masomo.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwanafunzi aliyeuliza lile swali tunamshukuru, na kazi yake ya tafsiri tumemrudishia, neno kongamano likiwa limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Wasomaji wenye pendekezo la neno bora kuliko ligi wanakaribishwa kutuandikia kabla ya toleo lijalo.